Mvua Gani Inaleta Maji Kwako? Namna ya Kusoma Mafuriko ya Mtaa Wako Dodoma

Jioni moja ya Desemba zinashuka milimita 40 kwa nusu saa. Maji yanaingia kwenye maduka na nyumba zilizo chini ya kilima, yanabeba mchanga hadi barabarani, na saa moja baadaye yameisha. Mtaa wa bondeni umelowa tu. Februari zinanyesha milimita 40 zilezile, safari hii taratibu, tangu saa 4 usiku hadi alfajiri. Kule chini ya kilima watu wamelala usingizi mzuri. Bondeni wanaamka magodoro yanaelea.

Kiasi cha mvua ni kimoja. Tofauti ni muda iliochukua kunyesha, eneo ililofunika, na hali ya udongo iliyoukuta. Ndiyo maana anayeuliza "imenyesha kiasi gani?" anapata nusu ya jibu. Na ndiyo maana kinga iliyomsaidia ndugu yako Chang'ombe inaweza isikufae kitu Nkuhungu. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, jua kwanza ni mvua ya aina gani inayoleta maji kwako.

Kila mahali pana mvua yake

Maji huchukua muda kufika. Tone lililoanguka juu kabisa ya eneo linalomwaga maji kwako lazima lisafiri hadi mlangoni kwako, na safari hiyo ndiyo inayoamua mambo. Mvua ikidumu muda sawa na safari hiyo au zaidi, eneo lote linakuletea maji kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mkondo unapofikia kilele. Ikikatika mapema, maji ya karibu yameshapita wakati ya mbali bado yako njiani.

Kuna kanuni ya Kirpich ambayo wahandisi huitumia kukadiria muda huo, na kikokotoo cha simu kinaiweza: dakika = 0.0195 × (urefu wa njia ya maji kwa mita, kipeo 0.77) ÷ (mteremko, kipeo 0.385). Mteremko ni mita za kushuka gawanya kwa mita za urefu. Ni makadirio, lakini yanatosha kuonyesha picha:

- Njia ya mita 300 yenye mteremko wa asilimia 5, yaani uchochoro chini ya kilima: kama dakika 5.
- Njia ya kilomita 1.5 yenye asilimia 3, yaani mtaa mzima unaomwaga kwenye mtaro mmoja: kama dakika 20.
- Korongo la kilomita 15 lenye asilimia 0.8, linalotoka vijijini: karibu saa 3 na nusu.

Sasa weka hapo tabia ya mvua yenyewe. Mvua kali sana haidumu, na wingu lake la radi mara nyingi hufunika kilomita chache tu. Ndiyo maana Kisasa wanaweza kulowa chapachapa na Kizota wakawa wanaanika nguo. Wingu kama hilo linatosha kabisa kujaza uchochoro wa dakika 5 na mtaro wa dakika 20. Korongo la saa 3 na nusu wingu hilo haliwezi kulijaza, kwa sababu linagusa kipande tu cha eneo lake. Mvua ya usiku kucha inayofunika wilaya nzima hufanya kinyume: hainyeshi kwa kasi ya kuushinda mtaro mdogo, lakini maji yake yanajumlishana mabondeni saa baada ya saa.

Ukienda mbali zaidi, hesabu ni ileile. Mto Kinyasungwe unakusanya maji ya sehemu ya mkoa wa Dodoma na kuyapeleka mashariki kuelekea Kilosa. Reli ya kati imekatwa na maji mara nyingi kati ya Gulwe na Kilosa, ukiwamo msimu wa 2009/2010, na maji ya kukata reli hayatoki kwenye wingu moja la jioni. Bahi nako hupokea mto Bubu kutoka upande wa Kondoa, kwa hiyo mtu wa Bahi anaweza kufurikiwa na mvua ambayo hakuiona hata wingu lake.

Pima mvua, na uandike saa

Chukua chupa ya maji ya lita 1.5 yenye mwili ulionyooka. Kata sehemu ya juu pale inapoanza kubana, igeuze kichwa chini uiingize kama faneli. Chini weka kokoto ili isipeperushwe, kisha mimina maji hadi yafike sehemu iliyonyooka. Hapo ndipo sifuri yako. Bandika rula ya milimita kuanzia hapo. Chupa ikiwa na pande zilizonyooka na mdomo wa faneli ukiwa na upana uleule wa chupa, milimita moja ya maji ndani ni milimita moja ya mvua.

Iweke mahali pa wazi. Kama ukuta una urefu wa mita 3, kaa mbali nao angalau mita 6. Makosa ya kawaida ni kuiweka chini ya ukingo wa bati au kuitegemeza kwenye mwembe. Kosa lingine ni kusoma kesho yake mchana: jua la Dodoma litakuwa limeshakunywa sehemu. Soma saa 3 asubuhi, saa ambayo vituo vya hali ya hewa husoma.

Jumla ya siku haitoshi. Mvua ikianza, andika saa. Ikiwa kali, soma kila dakika 10. "Milimita 38, saa 10:20 hadi saa 11 jioni" ni taarifa inayotumika. "Mvua kubwa sana jana" haimsaidii mtu. Andika pia maji yalifika kwako saa ngapi, kwa sababu pengo kati ya mvua kuanza na maji kufika ndiyo safari tuliyoikokotoa hapo juu, ila hii umeipima mwenyewe. Mvua tatu nne zilizoandikwa hivi zina thamani kuliko kanuni yoyote.

Ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa angalizo au tahadhari ya mvua kubwa, kumbuka kuwa kipimo chake ni zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Hakikuambii kama zitashuka kwa dakika 40 au kwa siku nzima, wala ni mtaa gani. Hilo la mtaa ni kazi yako.

Soma alama maji yalizoacha

Hii ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote na haina gharama. Toka siku inayofuata mafuriko, kabla watu hawajafagia.

Anza na kilichobaki chini. Maji ya kasi huacha mchanga mzito, changarawe na vipande vya tofali, na nyasi hulala zote upande mmoja kama zilizochanwa. Tazama nyuma ya kila kizuizi, jiwe, nguzo au kona ya nyumba: utakuta mkia wa mchanga upande wa chini, na upande wa juu udongo umechimbika. Maji yaliyotuama huacha kitu tofauti kabisa, tope laini lisilo na punje, ambalo likikauka hupasuka vipande na kingo zake hujikunja kama chapati iliyosahaulika juani. Ukiona changarawe, shida yako ni kasi. Ukiona magamba ya tope, shida yako ni ujazo na mahali pa kutokea.

Kisha ukuta. Mstari wa uchafu ulionyooka sawasawa kuizunguka nyumba maana yake maji yalisimama. Mstari uliopanda upande mmoja na kushuka upande wa pili maana yake yalikuwa yanapita, na upande wenye mstari wa juu ndiko yalikotokea. Weka alama ya rangi kwenye kiwango cha juu kabisa na uandike tarehe pembeni. Utaihitaji utakapoamua kimo cha jamvi, yaani sakafu ya zege ya nyumba.

Halafu takataka zilizonasa kwenye fensi na vichaka. Chupa za plastiki, mifuko na ndala ni maji ya mjini, yametoka mitaa iliyo juu yako. Mabua ya mtama na uwele, mizizi na magogo ni maji ya mashambani, yametoka mbali, na hayo ndiyo yanayoweza kukufikia usiku ambao kwako hakujanyesha hata tone. Zikichanganyika, una wageni wa aina mbili na itabidi ujikinge na wote.

Kuna nyumba ambazo nje hakuna alama yoyote lakini ndani sakafu imelowa, choo kimejaa na ukuta una utepe mweupe wa chumvi sentimita kadhaa kutoka chini. Hapo maji yamepanda kutoka ardhini. Huja baada ya wiki za mvua, si baada ya mvua moja, na hakuna mtaro wa juu ya ardhi utakaoyazuia.

Udongo hubadilika katikati ya msimu

Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Miezi saba ya ukavu kabla yake inaandaa udongo kwa namna mbili zinazopingana.

Kwenye miteremko ya udongo mwekundu na kichanga, ardhi iko uchi. Matone ya kwanza hupiga uso wake na kuuziba kwa ukoko mgumu, kwa hiyo mvua za mwanzo wa msimu ndizo hukimbia kuliko zote, tena zikikuta mitaro imejaa mchanga na uchafu wa kiangazi. Januari nyasi zikishaota, mteremko uleule humwaga maji kidogo zaidi kwa mvua ileile.

Kwenye mbuga, ule udongo mweusi mfinyanzi, ni kinyume. Novemba una nyufa za kuingiza mkono, na mvua za kwanza humezwa zote. Wanunuzi wengi wa viwanja hudanganyika hapa. Ukishanywa huvimba, nyufa huziba, na kuanzia hapo karibu kila milimita inabaki juu. Masimulizi ya Wagogo yanasema jina la Dodoma lilitokana na tembo aliyedidimia kwenye matope. Kiwanja cha mbuga mwezi Februari kitakuelewesha haraka.

Kujaribu: chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, acha yaishe au subiri hadi kesho yake, kisha jaza tena na upime yanashuka sentimita ngapi kwa saa. La kwanza usilihesabu, udongo ulikuwa na kiu. Kwenye kichanga yatashuka sentimita nyingi. Kwenye mbuga iliyolowa unaweza kukaa saa nzima usione tofauti. Kiwanja cha namna hiyo shimo la kunyonya maji halifanyi kazi, hata likichimbwa refu namna gani.

Hesabu moja ya kuonyesha tuta linavyofanya

Chukua mtaa wa hekta 20 uliojengwa, ambao asilimia 70 ya mvua yake hukimbia juu ya ardhi. Zikishuka milimita 40 kwa nusu saa, maji yanayotiririka ni mita za ujazo 5,600, wastani wa mita za ujazo 3 kila sekunde. Kabla nyumba hazijajengwa, na asilimia 30 tu ikikimbia, ingekuwa kama 1.3. Sasa chini ya mtaa huo kuna tuta la barabara lenye kalavati moja, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, la kipenyo cha milimita 600. Hilo hupitisha kama mita za ujazo 0.6 kwa sekunde, yaani takriban 1,000 kwa nusu saa nzima. Zinazobaki 4,600 zikitandazwa kwenye hekta moja upande wa juu wa tuta zinafika kimo cha sentimita 46, na zitachukua zaidi ya saa 2 kuisha.

Nyumba iliyo upande wa juu wa tuta, liwe la barabara au la reli, imejengwa ndani ya bwawa ambalo hakuna aliyelipanga. Mvua ya kuihofia ni ile ya katikati: kali kiasi, ya nusu saa hadi saa 2, inayoleta haraka kuliko kalavati linavyotoa.

Na kalavati au mtaro wenye mchanga ni mbaya kuliko unavyoonekana. Mtaro wa zege wa sentimita 60 kwa 60 wenye mteremko wa asilimia 1 hubeba kama mita za ujazo 0.8 kwa sekunde. Ukijaa mchanga nusu, usidhani utabeba nusu. Hubeba kama theluthi, kwa sababu kina kimepungua na sakafu imekuwa na mikwaruzo inayopunguza kasi. Kazi ya Novemba ya kuzoa mchanga, kwa chepe na toroli, inarudisha uwezo mkubwa kuliko mtaro mpya mdogo. Mchanga uliozolewa upelekwe mbali. Ukiachwa kando ya mtaro, mvua ya kwanza inaurudisha.

Kinga kulingana na mvua yako

*Kama adui ni mvua ya ghafla kutoka mlimani.* Geuza maji kabla hayajafika. Chimba mtaro upande wa juu wa nyumba, upana sentimita 40 na kina 40, angalau mita 2 kutoka kwenye msingi, na udongo uliochimbwa uumwage upande wa nyumba uwe tuta. Mteremko uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Pima kwa mpira wa levo wa fundi, usitumie macho, maana macho hudanganywa na mlima ulio nyuma. Ukizidisha mteremko kwenye udongo wa Dodoma, mtaro utajichimba wenyewe na baada ya misimu miwili una korongo uani. Palipo na mteremko mkali, panga mawe sakafuni na weka vizuizi vya mawe kila mita 3 hadi 5. Jambo la kwanza kuamua ni utakapomwaga. Mtaro unaoishia mlangoni kwa jirani ni ugomvi, na msimu ujao atauziba.

Tangi la kuvuna mvua linasaidia hapa. Bati la mita za mraba 100 kwa milimita 40 linatoa lita 4,000, kwa hiyo tangi tupu la lita 5,000 linazimeza zote. Nyumba 200 za mtaa wetu wa mfano zikifanya hivyo zimeondoa mita za ujazo 800 kati ya 5,600. Si suluhisho peke yake, lakini ni sehemu ya saba ya maji, na unayatumia kufua. Kwa mvua ya siku tatu halisaidii, limeshajaa siku ya kwanza.

*Kama adui ni mvua ndefu na maji yanatuama.* Mtaro utajaa na kukaa, kwa kuwa hakuna pa kuteremkia. Hapa unainua. Jamvi liwe sentimita 30 juu ya ile alama ya rangi uliyoiweka ukutani. Jaza kwa moramu iliyoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15. Udongo wa mbuga usiutumie kujazia, utavimba na kupasua sakafu. Soketi ziwe mita 1.2 kutoka sakafuni. Shimo la maji taka mfuniko wake uwe juu ya alama hiyo pia, na bomba liwe na valvu ya kuzuia maji kurudi, la sivyo nyumba itabaki kavu mlangoni na kufurika chooni.

*Kama adui ni korongo.* Usishindane nalo kwa ukuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, na makorongo makavu yanastahili heshima hiyohiyo, kwa sababu mchanga mweupe uliolala pale Agosti uliletwa na maji. Kabla ya kununua kiwanja, tafuta mabua yaliyonasa juu ya miti na upime kimo chake. Ukishaishi hapo tayari, kinga yako kubwa ni simu: pata namba za watu wawili wanaoishi upande korongo linakotokea, kilomita 5 na 10 kutoka kwako, mkubaliane wapige maji yanapopita kwao. Saa moja inatosha kuhamisha watoto na wazee, mifugo na nyaraka.

Kwa wote: fensi ya tofali iliyokingama njia ya maji ni hatari. Maji hujaa nyuma yake, kisha huanguka yote kwa pigo moja. Acha matundu ya sentimita 20 kwa 20 chini, kila mita moja na nusu, yenye nondo wima, na uyasafishe kila baada ya mvua. Zima swichi kuu ya umeme kabla maji hayajagusa soketi ya chini. Usivuke maji yanayokwenda kwa kasi hata yakiwa sentimita 15, kimo cha kifundo cha mguu na kidogo juu yake, maana yanaweza kumwangusha mtu mzima. Kwenye sentimita 30 gari dogo huelea. Bodaboda isijaribu.

Ukimwendea mwenyekiti wa mtaa, TARURA kwa barabara za mitaa, au TANROADS kwa barabara kuu, nenda na daftari: tarehe, milimita, dakika, saa maji yalipofika, kimo ukutani, na kipenyo cha kalavati lililoshindwa. Piga picha alama zile ukiwa umesimamisha rula pembeni. Ukisema "mtaro hautoshi" watakuuliza kwa mvua gani, na safari hii utakuwa na jibu.